Kupeleka familia kuvua mu ziwa: tuhesabu jile mbele ya kuhesabu samaki

Mwezi wa nane uliopita, siku ya yenga, nilipeleka familia yangu kuvua samaki mu ziwa Tanganyika kwa boti ya kukodi, hapa Kalemie. Kwetu tulikuwa watu saba: mimi, bibi yangu, watoto wetu watatu, baba mkwe na shemeji. Pamoja na piloti na kijana wake wa kazi tulifika tisa. Jile za kuokoa zilikuwa nne, na hakuna hata moja ya kipimo cha mtoto. Nilizihesabu, nikaona hazitoshi, na nikapanda.

Naandika haya mimi mwanahabari ambaye ameandika mara nyingi juu ya boti zilizozama. Kila mara nimewauliza viongozi wa bandari swali lile lile: kwa nini mliacha boti itoke pasipo jile? Siku ile ya yenga hakuna aliyeniuliza mimi. Pale bichi alikuwako mtu mwenye kofia ya kazi, ofisi yake sitaitaja. Alipokea franka zake, akahesabu noti mara mbili, na watu waliokuwa ndani ya boti hakuwahesabu hata mara moja. Hakuandika jina letu popote. Kama tungepotea, majirani ndio wangeanza kuuliza, jioni, baada ya kuona mlango wetu haufunguliwi.

Msomaji ambaye hakukomaa kando ya ziwa anaweza kujiuliza boti ya kutembeza familia inapatikana wapi. Jibu liko juu mbinguni. Wavuvi wa ndakala wanafanya kazi usiku wenye giza: wanawasha taa, ndakala wanafuata mwangaza, wavu unainuka. Mwezi ukijaa, mwangaza unaenea kila mahali na samaki hawakusanyiki tena chini ya taa. Basi kila mwezi kuna siku kadhaa ambazo mitumbwi inalala mchangani, nyavu zinashonwa na moteri zinangoja. Siku hizo mwenye boti anatafuta pesa kwa njia ingine. Atabeba mchanga, atabeba makala, na akipata baba mmoja mwenye hamu ya kuonyesha watoto ziwa, atambeba naye. Sisi tulipatana dola 40 kwa nusu ya siku, na esansi juu yangu.

Ni jambo zuri, na sitaki mtu asome maandiko haya akafikiri ninawaambia wazazi wabaki nyumbani. Watoto wetu wanaishi karibu na moja ya maziwa makubwa ya dunia, lenye urefu wa kilometa zaidi ya 650 na kina kinachopita mita 1,400 mahali penye kwenda chini zaidi, na wengi hawajawahi kuliona kwa upande wa ndani. Wanalijua kama mahali pa kuteka maji na kufua nguo. Miaka hii ya nyuma wamelijua pia kama maji yanayopanda na kumeza nyumba za watu wa kando. Zaidi ya hapo, wanalijua kwa matanga. Lakini ukitoka kilometa mbili tu, ukageuka, unaona mji mzima kwa mara moja, vilima nyuma yake, na mahali mto Lukuga unapoanza safari yake ya kwenda Lualaba. Mtoto wetu wa kwanza, msichana wa miaka 11, aliyekuwa amekariri darasani kwamba Lukuga ndio mto unaotoa maji ya ziwa hili, alisimama akatazama akasema: «Kumbe ni kweli.» Hicho peke yake kilinilipa esansi.

Na samaki. Upande wa kusini wa ziwa hili hili, inchini Zambia, kuna mahali kama Ndole Bay, kando ya mbuga ya Nsumbu, ambako wageni wanatoka mbali na kulipa pesa nyingi kwa kuvua kwa ndoano, kwa furaha tu. Wanamtafuta sangala, wanamtafuta kuhe. Wakimpata wanapiga picha na mara nyingi wanamrudisha majini. Kwetu mchezo wa namna hiyo hauna nafasi. Jaribu kurudisha majini sangala wa kilo kumi mbele ya baba mkwe wako, uone kama utapewa tena kiti kwake. Sisi tunavua kwa furaha na tunakula kwa furaha ile ile. Vidogo tu ndivyo tulivyorudisha, na piloti mwenyewe ndiye aliyewaamuru watoto. Aliwaeleza kwamba kuhe, mume na mke, wanalinda vitoto vyao pamoja, na kwamba ukimbeba mzazi akiwa kwenye kazi hiyo, samaki wengine wanamaliza watoto wote. Mwanangu wa katikati alinyamaza sana baada ya kusikia hayo. Halafu akaomba ndoano yake itolewe majini.

Vyombo vyetu vilikuwa vya kawaida. Mishipi mitatu iliyozungushwa kwenye vipande vya ubao, ndoano, na samaki wa bandia wa kung'aa ambaye piloti alikuwa akimkokota nyuma ya boti, moteri ikienda polepole. Hiyo ndiyo namna ya kumdanganya sangala, sababu anawinda vitu vinavyokimbia.

Karibu na saa tano sangala akakamata.

Nieleze vizuri yaliyotokea, sababu sijawahi kuyaona katika ripoti yoyote ya ajali niliyoandika. Katika ripoti zetu boti inazama juu ya mzigo kupita kiasi, juu ya upepo, juu ya giza. Boti yetu haikuwa na mzigo. Upepo ulikuwa bado mdogo. Ila samaki alipovuta, shemeji alipiga kelele, na sisi wote tukasimama kwenda upande wa kushoto tuone. Watu wazima watatu na watoto watatu, kwa mara moja, upande mmoja wa boti nyembamba. Boti ikainama. Maji yakaingia kama mtu anayemwaga ndoo. Mtoto wetu wa mwisho, wa miaka sita, aliyekuwa ameketi ukingoni, akaenda.

Alikuwa amevaa jile. Mimi mwenyewe nilimvalisha moja ya zile nne, ya mtu mkubwa, nikakaza mikanda mpaka mwisho wake, nikaona nimefanya kazi ya baba. Alipoanguka, jile ilibaki juu na mtoto akapita chini. Nakumbuka kitambaa cha rangi ya machungwa kikielea, wazi kama shati lililoanikwa, na hakuna mtu ndani yake.

Nilizaliwa hatua chache kutoka ziwa hili na sijui kuogelea. Bibi yangu hajui. Baba mkwe alijua zamani. Aliyeruka ni yule kijana wa kazi, ambaye sidhani kama amefikisha miaka 18. Piloti alizima moteri mbele ya kitu kingine chote, na baadaye nilielewa kwamba hilo nalo liliokoa maisha, sababu panga la moteri halichagui. Kijana alizama, akapanda na mtoto amemshika kwa kola ya shati. Sijui ilichukua muda gani. Bibi yangu anasema ni kidogo sana. Mimi siwezi kukubali kwamba ilikuwa kidogo.

Mtoto alitapika maji, akalia, akaomba kiatu chake. Sangala alikwenda na mshipi. Upepo wa kusini ulipoanza kusukuma mawimbi, karibu na saa sita, sisi tulikuwa tayari tunarudi, na mu boti hakuna aliyekuwa anaongea.

Piloti si mtu mbaya. Nimefikiria sana juu yake tangu siku ile, na kila mara ninarudi palepale: alikuwa na jile nne sababu hakuna mteja aliyewahi kumuomba ya tano. Mbili kati ya zile nne zilikuwa zimefanywa kiti, zimekaliwa mpaka sponji yake ikawa nyembamba kama mkate uliokanyagwa, na jile iliyobanwa hivyo inapoteza nguvu ya kubeba mtu. Hilo nalo niliona mbele ya kupanda. Nilifikiri: ni siku ya yenga, maji yametulia, tunakwenda karibu tu.

Sasa tutazame mambo makubwa. Mwezi wa kumi na mbili 2014, meli Mutambala ilizama mu ziwa hili letu, na serkali ya jimbo la Katanga wakati ule ilihesabu watu 129 waliokufa. Mwezi wa ine 2019 boti ilizama mu ziwa Kivu upande wa Kalehe, watu zaidi ya mia moja wakatangazwa kupotea, na Rais Félix Tshisekedi alifika Kalehe mwenyewe na kuagiza kwamba jile iwe lazima kwa kila msafiri. Miaka mitano baadaye, tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilipinduka mbele ya bandari ya Kituku, Goma, karibu kabisa na mahali pa kushukia, watu wakitazama kutoka kando. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema ndani yake kulikuwa watu 278. Makumi ya watu walikufa. Barabara ya Minova kwenda Goma ilikuwa imekatwa na vita, na wale wasafiri hawakuwa na njia ingine.

Kila mara inafuata barua ya rambirambi, kisha katazo la kusafiri usiku, kisha watu wawili watatu wanakamatwa. Kwa muda wa juma chache jile zinaonekana kwenye bandari kubwa. Baada ya hapo zinarudi kuwa kiti.

Najua kuna msomaji ambaye amekasirika tangu mstari wa kwanza. Anasema: watu wanakimbia vita kwa boti, mama anavuka na gunia la unga sababu barabara imefungwa, na wewe mwanahabari unatuandikia juu ya matembezi na ndoano? Nimejiambia hivyo mimi mwenyewe, na ndiyo sababu nilikaa muda mrefu pasipo kuandika. Lakini nimefika kuamini kwamba matembezi ndiyo mahali pa kuanzia, kwa sababu hii. Mama mwenye gunia la unga hana uwezo wa kukataa boti. Akikataa ya leo, unga wake unaharibika, deni lake linabaki, na boti ya kesho ni ile ile. Mimi siku ya yenga nilikuwa na uwezo wote wa kukataa. Ningekataa, hasara yangu ingekuwa nini? Watoto wangelia saa moja. Piloti angepoteza dola 40, na juma lijalo angejua kwamba wateja wa namna yangu hawapandi pasipo jile. Yeye ni mfanyabiashara kama wengine, ananunua kile ambacho mteja anamdai. Na boti inayobeba familia yangu wakati wa mwezi mkubwa ndiyo inayobeba yule mama na gunia lake wakati giza linarudi na njia zinafungwa. Jile ambayo mimi ningemlazimisha kununua ingekuwa ndani ya boti siku ya mama yule.

Sasa sisi wenye mshahara, wenye shule, tunaopanda boti kwa hiari yetu na simu ya kupigia picha mkononi, tukikubali jile nne kwa watu tisa, nani atakataa?

Nimejifunza mambo kadhaa tangu siku ile, mengine kwa wavuvi, mengine kwa watu wanaofanya kazi ya uokoaji, na ninayaandika hapa sababu sikuyajua, na naamini sikuwa peke yangu. Jile ya mtoto si jile ya mtu mkubwa iliyopunguzwa. Inafuata kilo za mtoto, na ina mkanda unaopita katikati ya miguu ili asipite chini kama alivyopita wangu. Ukisha kumvalisha, mshike kwa mabega ya jile umuinue: ikipanda mpaka masikioni, haimfai, hata kama inapendeza. Boti ya mbao ikipinduka, mara nyingi haiendi chini, hata ikijaa maji, basi ushikilie boti na usijaribu kuogelea kwenda kando, sababu macho yanadanganya juu ya umbali wa maji. Bidoni tupu la litra 20, lenye kifuniko kinachofunga kweli, linaweza kumshikilia mtu juu, na wavuvi wengi wanalibeba kwa sababu hiyo ingawa sisi tunafikiri ni la esansi. Na samaki mkubwa akikamata, mmoja peke yake anakwenda upande wake. Wengine wanabaki wameketi, hata kama ni sangala wa kwanza wa maisha yao. Piloti alipaswa kutuambia hilo mbele ya kutoka. Sikumuuliza.

Kwa upande wa viongozi wa jimbo na wa bichi, siombi katazo. Makatazo tumeyapata ya kutosha, na kila katazo linakuwa bei mpya ya kupita. Naomba vitu vidogo sana. Pale bichi kunalipwa kodi kila siku, na kila mtu anayetoa mzigo anaijua. Sehemu ya kodi hiyo inunue jile, zikiwemo za watoto wa miaka mitatu, sita na kumi, zikae kwenye nyumba ya bichi, na anayetoka azikodi kwa franka chache na kuzirudisha jioni. Pale pale kuwe daftari. Jina la piloti, hesabu ya watu, upande wanaokwenda, saa ya kurudi, namba ya simu ya ndugu aliyebaki mjini. Saa ya kurudi ikipita, mtu apige simu. Daftari moja la shule na kalamu, bei yake hailingani hata na soda mbili. Nimeuliza kwa nini jambo hilo halifanyiki kwa boti ndogo, na jibu nililopewa ni kwamba boti ndogo «hazina shida». Merdi nayo, kwa macho ya watu waliopanda, haikuwa na shida.

Na kuna kuogelea. Hili linanisumbua kuliko yote, sababu haliwezi kutupwa juu ya serkali peke yake. Wakubwa wetu waliotulea kando ya maji haya walituambia ziwa linakula watu, tusilikaribie, na walisema hivyo kwa upendo. Matokeo yake ni mwanaume wa miaka zaidi ya thelathini anayesimama ndani ya boti akitazama mahali mtoto wake alipopita, pasipo kufanya kitu. Shule zetu za kando ya ziwa zinafundisha kina chake, inchi ine zinazoligawana, majina ya samaki wake. Kuogelea hakuna hata saa moja kwa mwaka. Sasa siku za posho asubui ninakwenda mimi na watoto mahali maji yanafika kiunoni, na anayetufundisha ni yule kijana aliyeruka. Nalipa kama ninavyolipa mwalimu. Msichana wangu anaelea tayari. Mimi bado nakunywa maji, na wavulana wa mtaa wanakuja kutazama na kucheka.

Yule mdogo alikataa kugusa ziwa mpaka mwezi wa kumi. Kisha siku moja akaniuliza yule sangala aliyekwenda na mshipi wetu, kama ndoano bado iko mdomoni mwake. Nilimwambia sijui. Akasema basi turudi tumtoe.

Nimempigia simu piloti juma lililopita, kwa ajili ya mwezi mkubwa unaokuja. Alinisalimia vizuri, akauliza hali ya mtoto, akaniambia: «Yaya, sasa niko na jile nane, na mbili ni za watoto.» Nikamkumbusha kwamba watoto wetu ni watatu. Akacheka kidogo, akasema wa kwanza amekwisha kuwa mkubwa. Nikamwambia tutangoja ile ya tatu.